Engaresero: Maji, Majivu na Magadi

Engaresero ni kijiji cha wafugaji wa Kimaasai kilichoko katika Tarafa ya Sale, Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, mahali ambapo ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa unasogeleana na ncha ya kusini ya Ziwa Natron, na ambapo Mlima Ol Doinyo Lengai unaonekana kutoka kila boma bila kizuizi. Jina lake, ambalo pia huandikwa Engare Sero au Ngare Sero, linaanza na neno la Kimaasai enkare, lenye maana ya maji, neno lile lile lililozaa Enkare Nairobi, yaani maji baridi, ambalo lilifupishwa likawa jina la mji mkuu wa Kenya, na Engare Nanyuki, yaani maji mekundu, upande wa Mlima Meru. Nusu ya pili huhusishwa na osero, yaani pori la vichaka. Kwa mtu aliyeisoma ramani peke yake jina hilo halishangazi, kwa kuwa ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 50 limelala mbele ya kijiji. Lakini maji yaliyokipa kijiji jina si ya ziwa. Ni ya mto mwembamba unaoshuka kutoka kwenye ukuta wa bonde, nao unanyweka, ilhali ziwa halinyweki, na asiyeitia maanani tofauti hiyo ataliona eneo zima bila kulielewa.

Safari ya kawaida kuelekea huko huanzia Karatu, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako Wairaqw, watu wenye lugha ya Kikushi, hulima mahindi, ngano na maharage katika udongo mwekundu uliotokana na volkano za kale. Kutoka hapo barabara ya lami hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, na msafiri anayeiacha lami na kugeukia kaskazini huwa ameviaga vitu viwili kwa mkupuo mmoja, kivuli na mashamba. Kwa kilomita zipatazo 120 njia hufuata mguu wa ukuta wa bonde, ikikatiza makorongo ambayo ni makavu kwa sehemu kubwa ya mwaka lakini ambayo, mvua inaponyesha milimani, hujaa ghafla hata magari yakalala upande mmoja na abiria wakangoja maji yapungue. Neno korongo limepewa na Kiswahili kazi mbili: ni bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua, na pia ni ndege mwenye miguu mirefu, hivyo mgeni anayeambiwa kwamba Engaresero kuna makorongo mengi hana budi kuuliza kwanza ni yapi au ni wepi.

Kadiri mwinuko unavyopungua, kutoka mita 1,500 za Karatu hadi takriban mita 600 za ufuko wa Natron, ndivyo joto linavyopanda na miti inavyopungua kimo. Migunga yenye matawi yaliyotandazwa kama mwavuli hubaki kwenye kingo za makorongo, mswaki hujitokeza palipo na chumvi ardhini, na katikati yao husimama oldupai, mkonge wa porini wenye majani manene yenye ncha kali, ambao Wamaasai huutumia kwa kamba na kwa dawa, na ambao wageni wa mwanzo walilisikia jina lake vibaya wakaandika Olduvai. Katika nchi hii kavu huishi wanyama wanaoweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Swala twiga, kwa mfano, husimama kwa miguu ya nyuma na kunyoosha shingo ili ale majani ambayo mbuzi hawayafikii, na maji mengi anayoyahitaji huyapata katika majani hayo hayo. Choroa, mwenye pembe ndefu zilizonyooka, naye huishi kwa kanuni iyo hiyo. Pundamilia hawawezi maisha ya namna hiyo, na kwa sababu hiyo njia zao zilizokanyagwa vumbini huelekeza kwenye maji kwa uhakika kuliko kibao chochote.

Nusu ya njia iko Engaruka, katika Wilaya ya Monduli, ambako chini ya ukuta wa bonde yamebaki magofu ya mji wa wakulima walioishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Watu hao walijenga matuta kwa mawe, wakachimba mifereji iliyoyatoa maji kwenye vijito vya mlimani na kuyagawa katika mashamba yaliyoenea kwa takriban hekta 2,000, kisha makazi yakaachwa, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba maji ya vijito yalipungua. Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekuwa akielekea Naivasha mwaka 1883, aliyaona mawe hayo, na Louis Leakey akayafanyia uchunguzi mwaka 1935. Inafaa kusimama Engaruka kabla ya kufika Engaresero, kwa kuwa inamwonyesha msafiri mapema jambo atakalolikuta mbele: katika sehemu hii ya Bonde la Ufa watu hawakai palipo na ardhi nzuri wakayatafuta maji, bali hukaa palipo na maji wakaivumilia ardhi.

Baada ya Engaruka mlima hujitokeza. Ol Doinyo Lengai, wenye kimo kinachokaribia mita 3,000, umesimama peke yake kwenye sakafu ya bonde, umbo lake likiwa la pia iliyopinduliwa, na kwa mbali weupe wa kilele chake hudhaniwa kuwa theluji. Jina lina maana ya Mlima wa Mungu, na muundo wake una ladha yake kisarufi, kwa sababu Kimaasai hugawa nomino katika jinsi ya kiume na ya kike: ol ni kiambishi cha kiume, en ni cha kike, na kwa hiyo mlima ni wa kiume lakini Engai, yaani Mungu anayekaa humo, ana jina la kike. Neno Engai hubeba pia maana ya mvua na ya mbingu, na Wamaasai humtaja kwa sura mbili, Engai Narok, Mungu mweusi, mwenye neema kama wingu lililobeba mvua, na Engai Nanyokie, Mungu mwekundu, mwenye hasira kama anga la kiangazi. Wazee huuendea mlima kuomba mvua ukame unapozidi, na wanawake wasiojaaliwa watoto huuendea kuomba uzazi. Maombi hayo mawili, kwa watu ambao jina la Mungu na jina la mvua ni moja, hayako mbali sana.

Weupe wa kileleni si theluji bali ni magadi, na chanzo chake ndicho kinachoupa mlima huu nafasi ya pekee katika elimu ya miamba. Volkano nyingine zote zinazotema hivi sasa hutoa lava yenye silika, dutu iliyomo katika mchanga na kioo, ambayo ikiyeyuka huwa na joto linaloweza kufikia nyuzi 1,200 za Selsiasi na hung'aa kwa wekundu. Lava ya Ol Doinyo Lengai karibu haina silika kabisa. Imejaa kabonati za sodiamu na kalisi, joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 tu, hutiririka kwa wepesi kama mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, na mchana huonekana nyeusi au ya kahawia kama tope la kawaida, wekundu wake hafifu ukionekana usiku peke yake. Ikishapoa na kuguswa na unyevu wa hewa hubadilika kikemia, na katika muda wa saa au siku chache huwa nyeupe. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliupanda mlima mwaka 1960 na kuyachukua mawe yake, na alipochapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 1962 alikuwa akieleza jambo ambalo wengi hawakuwa wamelidhania, kwamba volkano inaweza kutapika magadi. Madini mawili makuu ya lava hiyo yalipewa majina ya watu wawili wasiofanana: gregoriti, kwa heshima ya J. W. Gregory, Mwingereza aliyeliandikia Bonde la Ufa kitabu mwaka 1896, na nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere. Mwalimu ana barabara, viwanja na shule nyingi zenye jina lake. Madini ambayo kwa kawaida hayadumu juani bila kugeuka kitu kingine huenda ndiyo kumbukumbu yake isiyojulikana kuliko zote.

Utulivu wa lava hiyo nyepesi haupaswi kumdanganya mtu. Mlima uliwahi kulipuka kwa nguvu mwaka 1917, tena mwaka 1940 na 1941, tena mwaka 1966 na 1967, na kuanzia 1983 ukaingia katika kipindi cha upole ambapo lava ilijaza polepole kasoko, yaani shimo la kileleni, hadi ikafurika ukingoni. Mnamo Julai 2007 matetemeko ya ardhi yaliyoanzia upande wa Mlima Gelai yalisikika hata Nairobi, na mwezi Septemba mwaka huo mlima ukalipuka, ukarusha majivu kwa vipindi hadi mwaka 2008, malisho yakafunikwa, na kaya zilizokuwa karibu zikahama na mifugo yao kwa muda. Mlipuko uliacha kasoko jipya lenye kina kirefu, na lava nyeusi imerudi kuchuruzika kwenye sakafu yake tangu wakati huo.

Kijiji chenyewe ni mkusanyiko wa nyumba za bati na maboma ya udongo na miti, shule, zahanati, makanisa, kambi za watalii na maduka madogo, vyote vikiwa vimetawanyika kwenye uwanda wa kokoto nyeusi. Mstari wa kijani unaouchana uwanda huo ni Mto Engaresero. Atakaye kuujua hana budi kuufuata kuelekea ulikotoka, ndani ya korongo lenye kuta ndefu za miamba ya volkano iliyopangika matabaka kwa matabaka, ambako njia hulazimisha kuvuka maji mara kadhaa hadi magotini, na ambako mikoche, jamii ya mitende ambayo shina lake hugawanyika matawi tofauti na mtende au mnazi, huota kwenye miamba yenyewe. Mwishoni maji huanguka kutoka ukutani, mengine kama maporomoko kamili na mengine yakichirizika kwenye kuvumwani kutoka katika nyufa za mwamba, kwa kuwa mvua inayonyea nyanda za juu za Ngorongoro hupenya ardhini, husafiri chini kwa chini, na kutokeza pale ufa ulipoikata nchi. Chini ya korongo mto huo hunywesha watu, ng'ombe, mbuzi, punda na bustani chache, kisha huelekea ziwani, na kutoka hapo haufai tena kwa kiumbe anayetaka kunywa.

Kilomita chache kutoka makazi, kwenye mwambao wa kusini wa ziwa, iko sehemu ya mwamba wa kijivu yenye ukubwa unaozidi kidogo uwanja wa tenisi, na juu yake zimehesabiwa nyayo za binadamu zaidi ya 400. Aliyezitambua kwanza, kabla ya mwaka 2006, ni mwenyeji wa kijiji, na habari ziliwafikia wanasayansi mwaka 2008. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba nyayo hizo zina miaka 120,000, lakini upimaji wa fuwele zilizomo katika majivu, uliofanywa na kundi lililoongozwa na Cynthia Liutkus-Pierce na kuchapishwa mwaka 2016, ulishusha umri huo ukawa kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Masahihisho hayo hayakuzipunguzia thamani. Yalionyesha kwamba waliopita hapo hawakuwa viumbe wa mbali bali watu kama walivyo watu wa leo, na kwamba Engaresero ina nyayo nyingi za watu wa aina hiyo kuliko mahali pengine popote palipogunduliwa Afrika hadi wakati huo.

Jinsi nyayo zilivyosalia ni hadithi ya majivu na maji. Majivu ya Ol Doinyo Lengai, mlima ulioko upande wa kusini, yalichukuliwa na maji ya mvua yakashuka kama tope na kutandaa ufukweni. Watu wakapita likiwa bado laini. Kisha, kwa sababu ya chumvi zilizomo, tope likakauka na kushikana kama saruji inavyoshikana, na tabaka jingine likaja kulifunika kabla upepo na kwato hazijaliharibu. Wilaya hii ya Ngorongoro, ikumbukwe, ina pia Laetoli, ambako kundi la Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, nazo zilihifadhiwa kwa njia hiyo hiyo, katika majivu yaliyolowana. Nyayo maarufu za Laetoli zilifukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo mgeni huziona kwa mfano tu. Za Engaresero ziko wazi chini ya anga, na mtu aweza kusimama pembeni akaona vidole vilivyojichimbia pale mguu ulipoteleza.

Utafiti wa pili, ulioongozwa na Kevin Hatala na kuchapishwa mwaka 2020, ulichagua misururu 17 ya nyayo zinazoelekea kusini-magharibi kwa mwendo unaofanana, na kwa kulinganisha urefu wa miguu na wa hatua ukahitimisha kwamba huenda waliopita walikuwa wanawake wazima 14, wanaume wazima wawili, na kijana mmoja wa kiume. Watafiti walipotafuta mfano wa kundi la namna hiyo kwa watu waliopo leo, waliutaja mwenendo wa Wahadzabe, wawindaji na waokota matunda wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi katika Wilaya ya Karatu, ambao wanawake wao huenda pamoja kuchimba mizizi na kuchuma matunda wakisindikizwa mara nyingine na mwanamume mmoja au wawili. Hoja hiyo inavutia, ila ibebwe kwa mikono miwili: ukubwa wa mguu ni ushahidi wa kimo kabla ya kuwa ushahidi wa jinsia, na tope halikurekodi vikapu wala vijiti vya kuchimbia. Lililo thabiti ni kwamba waliandamana, na kwamba upande mwingine wa mwamba huo huo wapo wengine waliopita wakiwa wanakimbia.

Magharibi mwa ziwa, kaskazini zaidi, uko Mto Peninj, ambako mwezi Januari 1964 Mkenya Kamoya Kimeu aliokota taya la chini la kiumbe aitwaye kitaalamu Paranthropus boisei, jamaa wa yule Zinjanthropus aliyepatikana Olduvai mwaka 1959. Taya hilo lina umri wa takriban miaka milioni moja na nusu, na jicho la Kamoya, ambaye baadaye alipata sifa ya kuwa mgunduzi hodari kuliko wote wa mabaki ya kale Afrika Mashariki, lilianza kujulikana duniani katika vumbi hilo.

Ziwa Natron lina kina kisichozidi mita tatu, halina mto wowote unaolitoka, na hupokea maji ya Ewaso Ng'iro ya Kusini kutoka Kenya pamoja na ya chemchemi nyingi za moto zilizo kandokando yake. Kinachoingia hutoka kwa njia moja tu, kugeuka mvuke, na chumvi zilizokokotwa kutoka katika miamba ya volkano hubaki nyuma zikijilimbikiza, hata wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya uso wa ziwa hufunikwa na gamba la magadi lenye rangi ya waridi au nyekundu, rangi inayotokana na vijidudu vipendavyo chumvi. Magadi si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili: ndiyo yanayotiwa katika sufuria ya maharage makavu au kande ili viive upesi, ndiyo yanayochanganywa na tumbaku katika ugoro, na ndiyo yaliyolipa jina lake Ziwa Magadi, jirani wa Natron upande wa Kenya. Tofauti ni ya kipimo. Kilicho kijiko jikoni, hapa ni ziwa zima, lenye maji makali kiasi cha kuunguza ngozi yenye mkwaruzo. Hata hivyo, katika vidimbwi vya chemchemi wanaishi perege wadogo wa jamii ya Alcolapia, aina tatu ambazo hupatikana katika ziwa hili, waliozoea maji ya moto na ya magadi ambayo yangemuua sato wa Ziwa Victoria kwa muda mfupi.

Anayenufaika zaidi na ukali huo ni heroe mdogo, ndege ambaye wengi humwita flamingo. Heroe hula mwani mdogo sana wa kijani na buluu, ujulikanao kama spirulina, ambao kwa kweli ni jamii ya bakteria; huinamisha kichwa mpaka mdomo uwe juu chini, huvuta maji kwa ulimi, na kuyasukuma nje kupitia vichujio vilivyomo mdomoni, na rangi ya mwani huo ndiyo inayoyafanya manyoya yake yawe ya waridi. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron, na kwa Afrika Mashariki hapa ndipo mahali pekee wanapozaliana kwa uhakika. Hujenga viota vya tope vyenye umbo la kichuguu katikati ya ziwa, kila jozi ikitaga yai moja, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga kwa sababu gamba la magadi huwapasukia na tope huwaunguza. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa kilimo wa Kenya aliyekuwa pia mtaalamu wa ndege, baada ya kuyaona mazalio hayo kutoka angani alijaribu kuyafikia kwa miguu. Magadi yakajaa katika viatu vyake, miguu ikababuka, na akalazwa hospitalini wiki kadhaa. Wachungaji wa ufukweni, bila kulazwa, walikuwa wamekwisha kuamua zamani kwamba katikati ya ziwa si mahali pa mtu.

Sifa za ziwa katika dunia ya picha zimepanda na kupotoka. Filamu ya The Crimson Wing ya mwaka 2008, iliyopigwa Natron, iliwaonyesha watazamaji makinda ya kijivu yakitembea kwa maelfu kuyatafuta maji yasiyo makali, na wengi wakalijua ziwa kwa njia hiyo. Miaka michache baadaye picha za Nick Brandt za ndege wafu waliogandishwa na chumvi zilisambaa zikifuatana na uvumi kwamba Natron hugeuza mawe kila kinachoigusa, uvumi ambao mpiga picha mwenyewe hakuuhitaji, kwa kuwa aliwaokota ndege hao wakiwa wamekwisha kufa na kukaushwa ufukweni, akawaweka kwenye vijiti kana kwamba wametua. Ziwa linalolea mamia ya maelfu ya makinda si ziwa la mauti. Serikali ilikwisha kuliingiza katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2001; hata hivyo, kuanzia mwaka 2006 ulijadiliwa mpango wa kujenga kiwanda cha kuchakata tani 500,000 za magadi kwa mwaka, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Upinzani ulikuwa mkubwa, ndani ya nchi na nje, kampuni ikajitoa mwaka 2008, na baadaye macho ya shirika yakahamia kwenye magadi ya Bonde la Engaruka.

Kaskazini-magharibi, juu ya ukuta wa bonde, wanaishi Wasonjo, ambao hujiita Wabatemi, Wabantu waliozungukwa na Wamaasai pande zote na wanaoishi kwa kilimo cha mifereji kinachokumbusha sana mawe ya Engaruka. Nao huupa Ol Doinyo Lengai nafasi katika dini yao. Kijiji chao cha Samunge kiliupa mwambao huu wa Natron mwaka wake wenye pilikapilika kuliko yote, mwaka 2011, pale Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alipotoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na magari yaliyobeba wagonjwa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki yakapita hapo usiku na mchana.

Jioni, joto likipungua, hutokea vijana wakakusanyika kuimba. Kiswahili kina neno moja, ngoma, kwa chombo na kwa mchezo wenyewe, lakini neno hilo halitoshi hapa, kwa sababu Wamaasai huimba bila ngoma. Anayeitwa olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, hutanguliza sauti ya juu, na wenzake humjibu kwa pumzi nzito zinazotoka kifuani na kushikana sauti juu ya sauti, pumzi hizo zikifanya kazi ambayo kwingineko ingefanywa na ngozi iliyowambwa, huku mmoja mmoja akiingia katikati kuruka wima bila kukunja magoti. Mafundi wa kazi hiyo hufahamika boma hadi boma, na majina yao hayaandikwi popote.

Kupanda Ol Doinyo Lengai huanza karibu na usiku wa manane, kwa kuwa mchana joto la majivu haliwezekani. Njia hupanda moja kwa moja bila kuzunguka, mguu ukizama katika majivu na kurudi nusu ya hatua, na kadiri mteremko unavyozidi ndivyo mikono inavyosaidia miguu, hadi alfajiri mpandaji anapofika ukingoni, harufu ya kibiriti ikiwa imetangulia kumpokea. Chini ya kasoko husikika lava ikibubujika kwa sauti ya uji unaochemka; upande wa kaskazini, jua linapochomoza, ziwa huonekana kama bamba la shaba, na mto wa Engaresero kama uzi. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Wanaofika chini huwa weupe miguuni na mikononi, magadi yakiwasha kila palipochubuka, na waongozaji huwapeleka moja kwa moja kwenye korongo, ambako huketi majini na nguo zao, na vumbi la mlima huwatoka, likawa wingu jeupe ndani ya maji, likateremka na mkondo kuelekea ziwani.